UZI: Chini ya barafu ya Enceladus chakula kipo. Mlaji je?

Mvuvi wa Nyota (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila baada ya muda humu huanzishwa uzi wa viumbe wa angani, na kila mara unaishia kwenye visahani vinavyoruka na serikali kuficha maiti jangwani. Huu si wa hivyo. Nazungumzia vijidudu: vitu vya seli moja, visivyo na macho wala akili, ambavyo hata vikipatikana hakuna nchi itakayovipelekea balozi. Na nazungumzia sehemu moja tu, Enceladus, mwezi mdogo wa sayari ya Zohali. Mirihi imeshasemwa mpaka imechuja.

Mahali penyewe kwanza. William Herschel aliuona mwezi huu mwaka 1789. Kipenyo chake ni kilomita 504 hivi. Ukiulaza juu ya ramani ya Tanzania unamezwa na nafasi inabaki kubwa tu. Zohali iko mbali na jua mara tisa na nusu kuliko sisi, kwa hiyo mwanga unaofika kule ni kama sehemu moja ya tisini ya huu unaotuunguza Dar. Na hata huo kidogo unarudishwa karibu wote, kwa sababu uso wa Enceladus ni barafu safi, mweupe kuliko wa gimba lolote tunalolijua kwenye mfumo wa jua. Baridi yake inakaribia nyuzi 200 chini ya sifuri. Hewa ya kuvuta hakuna. Uzito wako kule ungekuwa karibu asilimia moja ya huu ulio nao hapa.

Chombo cha Voyager 2 kilipopita 1981 kilionyesha maeneo laini yasiyo na mashimo ya vimondo, maana yake kuna kitu kinaufanya upya uso ule. Watu wakakuna vichwa, yakaishia hapo.

Mambo yalibadilika 2005. Chombo cha Cassini, kilichorushwa Oktoba 1997 na kufika Zohali katikati ya 2004, kilipita jirani na Enceladus mwezi Februari. Kipima sumaku chake kikaonyesha kwamba mistari ya sumaku ya Zohali inapinda kabla haijaugusa mwezi, kana kwamba kuna kitu kimetanda kuuzunguka. Kiongozi wa timu ya kifaa hicho, mama mmoja anaitwa Michele Dougherty wa Imperial College London, akawashawishi wakubwa wakishushe chombo karibu zaidi safari inayofuata. Ilikuwa wapite umbali wa kilomita 1,000 hivi. Julai 2005 wakapita chini ya kilomita 200.

Walichokuta: ncha ya kusini, ambayo kwa akili ya kawaida ilipaswa kuwa miongoni mwa sehemu za baridi kupindukia, ina joto. Kuna nyufa nne zinazokwenda sambamba, kila moja urefu wa kilomita 130 hivi. Novemba mwaka huohuo kamera zikanasa tukio lenyewe: mvuke na chembe za barafu zinafyatuka kutoka kwenye nyufa kwenda angani mamia ya kilomita. (Nyufa zenyewe zinaitwa Baghdad, Damascus, Cairo na Alexandria, na mashimo ya mwezi huo yana majina kama Sindbad na Ali Baba, maana wagawa majina waliamua kila kitu kule kitoke kwenye Alfu Lela Ulela. Bibi yangu angetembea kule bila kuuliza njia.)

Mvuke ule ndio bahati kubwa ya sayansi. Huhitaji kuchimba kilomita ishirini za barafu kufikia maji. Maji yanakufuata mwenyewe angani, wewe unapita katikati na kifaa chako unapima.

Kuwa kuna bahari nzima, si dimbwi la kusini tu, kulithibitika 2015. Walipima jinsi mwezi unavyotikisika kidogo ukiwa unazunguka, wakaona mtikisiko ni mkubwa mno kwa kitu kilichogandiana mpaka kiini. Ganda la barafu linaelea. Unene wake ni kama kilomita 20 hadi 25 kwa wastani, kusini ni jembamba zaidi, na chini yake kuna maji ya kina cha makumi ya kilomita, halafu mwamba.

Haigandi kwa nini? Kwa sababu ya mwezi mwingine, Dione. Enceladus ukizunguka Zohali mara mbili, Dione unazunguka mara moja. Kuvutana huko kunaifanya njia ya Enceladus isiwe duara kamili, kwa hiyo kila saa 33 unakaribia Zohali unabanwa, unaenda mbali unaachiwa. Msuguano wa ndani unazaa joto. Hata mvuke unaongezeka mwezi ukiwa mbali na Zohali, pale nyufa zinapopanuka.

Sasa kilichomo ndani ya maji, ambacho ndicho kimenifanya nianzishe uzi. 2009 walikuta chumvi ya sodiamu kwenye chembe za barafu. Maji yenye chumvi namna ile ni maji yaliyokaa na mwamba. 2015 wakatangaza punje ndogo mno za silika (madini yanayounda mchanga), za aina ambayo kwa uzoefu wa duniani inatokea maji yenye joto la nyuzi 90 au zaidi yakigusana na mwamba kisha yakapoa. Tafsiri yake ni chemchemi za moto kwenye sakafu ya bahari. Oktoba 28, 2015, Cassini ikapita ndani ya mvuke kwa kimo cha kilomita 49 tu, na 2017 matokeo yakatoka: kuna gesi ya haidrojeni, karibu asilimia moja ya mvuke wote, na kabonidayoksaidi pia.

Haidrojeni pamoja na kabonidayoksaidi ni chakula. Duniani kuna vijidudu vinavyoishi kwa hizo mbili tu. Havitaki jua, havitaki oksijeni.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema: sidai kuna uhai. Nadai kwamba kati ya sehemu zote nje ya dunia, hii ndiyo tuna ushahidi wa kupima, si wa kukisia, kwamba kiumbe mdogo kabisa angeweza kuishi. Karibuni.

Kijana wa Tandale

Bomba la mtaani kwetu limekauka tangu wiki iliyopita, wenzetu wanatafuta maji Zohali. Haya, nimekaa pale nasubiri wajuzi.

Mbishi wa Kawe

Mkuu, uzi umeshiba, nondo zipo. Ila nina swali moja ambalo naona umeliruka makusudi.

Unasema chakula kipo. Sawa. Kwa nini hakijaliwa? Ukiingia nyumba ya watu ukakuta sufuria la ubwabwa limejaa na halijaguswa, hitimisho la kwanza si kwamba kuna watu wenye njaa humo ndani. Hitimisho ni kwamba hakuna mtu. Duniani haidrojeni ikitoka ardhini inadakwa na vijidudu haraka sana, ni nadra kuikuta imejaa tele sehemu yenye uhai. Huko kwenu Enceladus inamwagika mpaka angani. Kwangu mimi hiyo ni dalili ya bahari tupu.

Mama Kemia

Mbishi leo kaleta hoja ya maana, tuirekodi.

Nafundisha kemia sekondari, ngoja niweke mezani kinachoongelewa ili wote tuwe pamoja. Mlo wenyewe ni huu:

CO2 + 4H2 → CH4 + 2H2O

Yaani molekuli moja ya kabonidayoksaidi na nne za haidrojeni zinatoa methani moja na maji mawili, na nishati kidogo inabaki. Kijidudu kinajipatia riziki kwenye hiyo nishati kidogo. Wanaofanya kazi hii ni arkea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria kwa macho lakini ni ukoo mwingine kabisa. Wapo kwenye tumbo la ng'ombe, kwenye matope ya mpunga, na kwenye sakafu ya bahari.

Haidrojeni inatoka wapi kule? Mwamba wenye madini ya chuma ukikutana na maji ya moto, chuma kinajinyakulia oksijeni ya maji, haidrojeni inaachwa huru. Si lazima volkano. Kwenye Bahari ya Atlantiki kuna mahali waligundua mwaka 2000, panaitwa Lost City, ambapo jambo hili linatokea sasa hivi: minara myeupe ya chokaa, maji ya nyuzi 40 hadi 90, yana ualikali (kinyume cha uasidi) mkali, na arkea wamejaa kwenye vitundu vyake.

Nawaomba mtofautishe Lost City na zile chemchemi maarufu za sakafu ya bahari zilizogunduliwa 1977 karibu na Galápagos. Wengi wakisikia "uhai bila jua" wanataja minyoo mikubwa ya kule. Minyoo ile inategemea bakteria wanaotumia oksijeni iliyoyeyuka baharini, na oksijeni hiyo imetengenezwa na mimea juu kwenye jua. Ukizima jua leo, minyoo wale watakufa, watachelewa tu. Arkea wa methani ndio hawajali. Kwa hiyo mfano sahihi wa Enceladus ni hao, si minyoo.

Kuhusu hoja ya Mbishi: mlaji hali chakula chote kama kuna kitu kingine kinachombana. Inawezekana ni joto, kwamba sehemu inayofaa ni ukanda mwembamba tu wa kuzunguka chemchemi. Inawezekana ni madini fulani yamepungua. Haidrojeni iliyobaki inaondoa bahari iliyojaa walaji hadi pomoni. Haiondoi walaji wachache.

Mvuvi wa Nyota (mleta uzi)

Mama Kemia umenirahisishia. Naongeza namba.

2021 watafiti wa Paris na Arizona waliifanyia hesabu hoja hiihii. Waliuliza: mwamba na maji peke yake vinaweza kutoa methani kiasi kile Cassini ilichopima? Jibu lao lilikuwa hapana, methani imezidi kwa njia zinazojulikana za mwamba. Ukiweka arkea ndani ya hesabu, namba zinakaa sawa, na haidrojeni inabaki nyingi vilevile, maana arkea hao wangebanwa na joto kama alivyosema Mama. Lakini walikuwa waangalifu, wakasema kuna maelezo mengine: methani inaweza kuwa ya zamani, iliyonaswa wakati mwezi unaumbwa kutokana na malighafi kama ya nyota mkia, na sasa inavuja.

Mwaka uliofuata kundi hilo likakadiria uzito wa viumbe wote kwa pamoja, kama wapo. Mnajua wamepata nini? Nyangumi mmoja. Bahari nzima ya mwezi mzima, ukikusanya kila seli hai, unapata uzito wa nyangumi mmoja. Kwa hiyo anayeota kwamba tutapeleka kamera tukaona samaki wanang'aa gizani, asahau.

Mbishi wa Kawe

Nyangumi mmoja! Halafu bajeti ya mabilioni ya dola. Haya.

Ila nyongeza: hilo la hesabu ya 2021 linategemea unaanza na imani gani. Kama kabla ya kupima unaamini uhai huzuka kirahisi, methani ile inakuambia "arkea". Kama unaamini uhai ni ajali adimu, methani ileile inakuambia "kuna kemia hatuijui". Wenyewe wamekiri hivyo kwenye andiko lao.

Goma Kwetu

Jambo wandugu. Naandika toka Goma, mutanisamehe Kiswahili ya huku kwetu.

Munazungumza gesi ya methani na vijidudu kama kitu ya mbali sana. Sisi tunalala juu yake. Ziwa Kivu iko na kina ya mita 485, na chini kule kumefungiwa methani karibu kilomita za ujazo 60, na kabonidayoksaidi nyingi kuliko hiyo mara kadhaa. Kaboni inatoka kwa volkano. Methani yenyewe, wataalamu wanasema sehemu kubwa imetengenezwa na vijidudu vya huko chini gizani, kwenye maji haina oksijeni hata kidogo, na fungu kubwa ya hiyo wanaitengeneza kwa kaboni ya volkano. Upande ya Rwanda wanaivuta, kiwanda moja inatoa umeme megawati 26 tangu 2016. Kwa hiyo ule mlo wa Mama Kemia kuna watu wanachaji simu kwa mabaki yake.

Na ile kaboni ikitoka nje ya maji, ndiyo mazuku. Wale wa Tanzania labda hamuijui. Ni gesi inatoka kwa udongo, ni nzito kuliko hewa, inatulia mahali pa bonde, kwenye shimo, asubuhi mapema kabla upepo. Huioni, haina harufu. Unakuta mbuzi imelala upande na miguu imenyooka, majani yanayoizunguka bado mabichi, na ndege mbili tatu karibu yake wamekufa pia, walikuja kula wadudu. Wazee wanakuambia usiingize mutoto pale, na ukiteremka na taa ya moto inazimika.

Ninachosema: kitu inaua mbuzi, kijidudu ya chini ya ziwa inaifanya chakula. Usipime mahali kwa kipimo ya mapafu yako.

Kijana wa Tandale

Goma Kwetu umetisha, kaka. Sikuwahi kuijua hiyo mazuku.

Mbishi wa Kawe

Ndugu wa Goma heshima yako, mfano mzuri. Lakini vijidudu vya Kivu havikuzukia Kivu. Walihamia. Dunia ilishajaa vijidudu miaka bilioni tatu na nusu iliyopita, kila shimo jipya likifunguka wanaingia. Kuonyesha kwamba kiumbe *anaweza kuishi* mahali si sawa na kuonyesha kwamba angeweza *kuanzia* pale. Enceladus hakuna wa kuhamia kutoka jirani.

Halafu umri. Kuna wanasayansi walitoa hesabu 2016 kwamba miezi ya ndani ya Zohali inaweza kuwa michanga, kama miaka milioni 100 tu, imeundwa upya baada ya ile ya zamani kugongana. Wengine wanapinga. Lakini kama ni kweli, bahari ile ni ya juzi. Muda wa uhai kuzuka uko wapi?

Mama Kemia

Hapo pa umri ndipo penye mwiba kweli, nakubali. Isipokuwa nani alishapima uhai unahitaji muda gani kuanza? Tuna mfano mmoja tu, dunia, na hapa alama za mwanzo zinaonekana mapema kiasi kwamba huwezi kusema ulihitaji mabilioni. Unaweza kuhitaji milioni 10, unaweza kuhitaji milioni 500.

Kuhusu kuweza kuishi, kuna jaribio. 2018 watafiti wa Vienna walichukua arkea wa methani kutoka chemchemi za bahari ya Okinawa, wakawakuza maabara kwenye mchanganyiko wa gesi na shinikizo vya kufananishwa na Enceladus, hata wakatia amonia na sumu nyingine zilizoonekana kwenye mvuke. Waliendelea kula na kutoa methani. Shinikizo lenyewe wala si la kutisha kama mnavyodhani. Kwa kuwa mvutano wa mwezi ule ni mdogo, chini kabisa ya bahari yake ni kama mita mia sita au mia nane za bahari yetu.

Mtu wa Magadi

Nimesoma kimya kimya hadi hapa. Mimi ni wa Kajiado, na nimeshangaa hakuna aliyetaja ziwa letu, kwa sababu maji ya Enceladus ni ya magadi. Si mzaha. Yamejaa sodiamu na kabonati, na ualikali wake unakadiriwa kati ya 9 na 11 kwa kipimo cha pH. Ziwa Magadi na Natron ziko hapohapo.

Kwa wale hamjafika: ukitembea pembeni mwa Magadi wakati wa kiangazi unakanyaga ukoko mweupe unaovunjika kama gome la mti mkavu, na chini yake maji ni mekundu, mekundu ya damu iliyochujwa, kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi. Kwenye kingo kuna chemchemi zinatoka moto, ukitia mkono utautoa mbio. Mita chache kutoka pale, maji yakishapoa kidogo, kuna samaki wadogo wa kidole wanaogelea na kula ukoga wa mawe. Huko Natron heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote wanaenda kutagia, na chakula chao ni vijidudu vya kijani vya maji hayo ya magadi. Mguu wako ukikaa ndani saa moja ngozi inachubuka.

Sasa sikizeni kwa nini hili si kulinganisha kwa juu juu. Fosforasi. Bila fosforasi hakuna vinasaba, hakuna utando wa seli. Kwa muda mrefu watu walisema bahari ya Enceladus itakuwa na upungufu wa fosforasi, kwa kuwa kawaida kalisi huidaka na kuizika kwenye mwamba. Lakini kwenye ziwa la magadi kabonati ni nyingi mno, inaidaka kalisi yenyewe kwanza, na fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, inabaki huru majini. Kuna utafiti wa 2020 kuhusu asili ya uhai duniani uliotumia maziwa ya namna hii, likiwemo Magadi, kueleza hilo. Halafu 2023, kundi lililokuwa likichambua chembe za barafu zilizopimwa na Cassini likatangaza: fosfeti ipo Enceladus, kwa kiasi cha angalau mara 100 ya bahari za duniani. Kemia ileile ya Magadi.

Kwa hiyo kati ya elementi sita za lazima kwa uhai kama wetu, tano zimeonekana. Salfa ndiyo bado haijathibitishwa vizuri.

Mvuvi wa Nyota (mleta uzi)

Mtu wa Magadi, hii ya kalisi kudakwa kwanza nilikuwa nimepanga kuileta, umeniwahi na umeieleza vizuri zaidi. Wadau, ongezeni na molekuli kubwa za kaboni zilizotangazwa 2018. Maelezo yao ni kwamba viputo vya gesi vinapopanda kwenye nyufa na kupasuka juu ya maji, vinarusha utando wa mafuta-mafuta uliokusanyika pale. Bahari zetu hufanya hivyohivyo, na vijidudu hurushwa angani kwa njia hiyo. Yaani kama kuna kitu kule, chembe za barafu zinaweza kukibeba kikiwa kimekolea zaidi kuliko kilivyo baharini.

Na mvuke ni mwingi. Darubini ya James Webb iliupiga picha, ikakuta umetanda karibu kilomita 10,000, mara ishirini ya mwezi wenyewe, ukitoa kama kilo 300 za maji kila sekunde.

Ibn Pwani

Mwenyezi Mungu ni Mola wa walimwengu wote, haijasemwa wa dunia moja. Mimi sioni tatizo lolote hapo. Ila tungeanza na kuwapa watoto madawati.

Mbishi wa Kawe

Madawati na Zohali havigombanii fungu moja, shekhe. Hela za Cassini hazikutoka Tandahimba.

Swali kwa mleta uzi: mbona Titan na Europa umeziacha?

Mvuvi wa Nyota (mleta uzi)

Kwa kifupi. Titan una maziwa ya methani na baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Uhai juu ya uso wake ungehitaji kemia isiyofanana na yetu, hata hatujui tutafute nini. Kuna droni ya NASA, Dragonfly, inatarajiwa kurushwa 2028 na kufika 2034. Europa wa Mshtarii una bahari kubwa kuliko zetu zote, ila mvuke wake haujathibitika, na mionzi ya Mshtarii inaua vifaa. Europa Clipper iliondoka Oktoba 2024, itafika 2030. Zote nzuri. Enceladus ndio tumeshauonja.

Cha kusikitisha, ni Enceladus huohuo ambao haujapangiwa chombo cha karibuni. Kamati ya wanasayansi wa Marekani 2022 iliweka mradi wa kuuzunguka kisha kutua katika nafasi ya pili, nyuma ya mradi wa sayari ya Uranus. Ulaya wao 2024 wataalamu wao waliutaja kuwa chaguo la kwanza kwa safari yao kubwa ijayo, kurushwa mwanzoni mwa miaka ya 2040. Kutua kusini kule itakuwa miaka ya 2050.

Kijana wa Tandale

2050! Na wakifika watajuaje? Si watakuta methani tena mrudi kubishana hapahapa?

Mama Kemia

Swali zuri kuliko unavyodhani. Cassini haikubeba kifaa cha kutafuta uhai. Iliundwa wakati hakuna aliyejua kuna bahari. Kifaa chake cha kupima vumbi kiliundwa kwa ajili ya vumbi. Wajao watatafuta mpangilio, maana kiwango cha methani peke yake hakitamaliza ubishi.

Kwa mfano, asidi amino. Nyingi huwa na maumbo mawili, la kushoto na la kulia, sawa na mikono. Kemia isiyo na uhai kwa kawaida hutoa yote mawili karibu nusu kwa nusu. Uhai wetu unatumia ya kushoto karibu peke yake. Ukikuta bahari ina upande mmoja umezidi kupita kiasi, hapo una jambo. Pia mafuta ya utando wa seli: vijidudu vingi, kama bakteria, huyajenga kwa kuongeza kaboni mbili mbili, kwa hiyo minyororo yenye idadi shufwa inakuwa mingi. Mwamba hauchagui hivyo. Halafu uzito wa kaboni kwenye methani ukilinganishwa na ule wa kwenye kabonidayoksaidi, maana walaji hupendelea kaboni nyepesi.

Kimoja peke yake kitabishaniwa. Vitatu kwenye chembe moja ya barafu, hata Mbishi atanyamaza.

Mbishi wa Kawe

Vitatu nitanyamaza. Viwili nitabisha.

Halafu mtu anihakikishie hawatabeba vijidudu vya kutoka kwetu wakaenda kuvigundua kule.

Mvuvi wa Nyota (mleta uzi)

Hofu hiyo ndiyo iliyoiua Cassini. Septemba 15, 2017 waliitumbukiza ndani ya Zohali ikaungua, ili isije ikaachwa ikizurura bila mafuta na siku moja ikaugonga Enceladus au Titan ikiwa na vijidudu vya Florida mwilini.

Kijana wa Tandale

Kwa hiyo wameunguza mashine nzima inayofanya kazi kwa ajili ya vijidudu ambavyo huenda havipo?

Mvuvi wa Nyota (mleta uzi)

Mafuta yalikuwa yanakwisha, kwa hiyo tusiikuze. Ingekufa tu. Walichochagua ni mahali pa kuizika, na iliendelea kutuma vipimo vya hewa ya Zohali mpaka dakika ya mwisho antena ilipoyumba. Data zake bado zinachimbwa: 2025 wametoa matokeo mapya ya chembe za barafu ilizozigonga 2008, zilizokuwa zimetoka kwenye nyufa muda mfupi tu kabla, na molekuli za kaboni zilikuwemo humo pia. Maana yake hazikutengenezwa na mionzi zikiwa zinaelea angani, zimetoka baharini. Mwenye swali la mionzi alete, hilo nitahitaji jioni nzima.